Mtungi Kutoka Karakana

Donat alisukuma mkokoteni kutoka karakana yake ya mtaa wa Katuba, na juu yake mtungi wa oksijeni umefungwa kamba kama mbuzi wa sikukuu. Waliomfahamu walimwuliza anakwenda kuchomelea geti la nani. Alijibu kwamba anakwenda hospitali, nao wakacheka, kwa kuwa Donat ni mtu wa masihara. Siku hiyo hakuwa na masihara hata chembe.

Mkewe, Agnès, alikuwa na kansa ya shingo. Miezi mitatu nyuma walivuka mpaka hadi Lusaka, akapigwa miale ya kuua kansa kwa wiki saba mpaka ngozi ikawa nyeusi na mate yakamkauka. Uvimbe ulinywea pembeni. Katikati ulibaki mgumu kama kokoto, na sasa ulikuwa umeanza kukua tena.

Daktari wao wa hapa Lubumbashi, binti mpole aitwaye Bénie, aliwaeleza sababu bila kuzungukazunguka. Miale peke yake haitoshi. Inazijeruhi seli za kansa, halafu oksijeni iliyoletwa na damu ndiyo inayofanya jeraha lisizibike. Kule katikati ya uvimbe oksijeni ilikuwa haba mno, basi seli zilijiponya.

Alidhani anamweleza mtu asiyejua. Kumbe Donat amekata chuma miaka ishirini na sita, na babu yake alikata reli kabla yake. Moto wa gesi unakipasha chuma mpaka kiwe chekundu, basi. Kinachokikata ni oksijeni. Bila hiyo utakaa na chuma chako chekundu mpaka jioni. Kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uingie nyumbani kwake, Donat alielewa jambo, na kuelewa huko ndiko kulikomponza. Hakumwuliza mtu. Mfa maji haachi kutapatapa, na huyu alijiona ameshika gogo.

Alimkuta Agnès ameshaketi mbele ya daktari. Akauingiza mtungi mpaka ndani, magurudumu yakiacha alama ya vumbi jekundu sakafuni.

“Docta, ulisema kule katikati oksijene haiko,” alisema huku akihema. “Oksijene njo hii. Ni ya muzuri sana. Tumupatie kwanza, kisha tumurudishe Lusaka.”

Agnès aliinamisha uso. Bénie hakucheka. Alitoa mfukoni kibanio kidogo cha kupimia oksijeni ya damu, akakibana kwenye kidole cha Agnès. Kikaonyesha tisini na nane. Kisha akakibana kwenye kidole cha Donat, kidole kilichoungua mara nyingi, kikaonyesha tisini na tatu.

“Unaona, papa? Damu ya mama iko na oksijene kupita yako. Iko imejaa.”

“Sasa juu ya nini haifike?” Donat alitaka kujua sababu.

“Njia njo mubaya. Kansa inajijengeaka mishipa yake yenyewe, mbiombio, ya kupindana, ya kutobokatoboka. Sawa tiyo ya maji: hata ujaze tanki, nyumba ya mwisho haipate kitu. Hata dawa ya kansa ya kuchoma na sindano mu mushipa inapita mu njia ile ile, haifike.”

“Tiyo mi natengenezaka,” alisema Donat.

“Hii hatuna fundi yake hapa, papa. Na miale, shingo ya mama ilishafika mwisho. Hawawezi kurudilia.”

Donat alitazama mikono yake. Aliona aibu kwanza, kisha hofu ikaja na kukaa mahali pa aibu. Mkono uliochomelea nusu ya mageti ya mtaa wa Golf haukuwa na la kufanya.

“Twende kwetu, Ba Franck,” alisema Agnès. Ndivyo alivyomwita siku zote, kwa jina la mtoto wao wa kwanza.

Jua la Oktoba lilikuwa kali. Walipofika, Agnès aliketi kwenye kiti uani na kulegeza kitambaa cha shingoni. Donat alianza kufungua kamba ili aurudishe mtungi karakana, hapo kando ya nyumba.

“Kile kintu yako iko na mupepo?” aliuliza Agnès.

“Iko nayo.”

“Fungua kiloko tu. Shingo inaniunguza.”

Fundi ni fundi. Donat aliipeleka mbabula, jiko lao la makaa, mbali, nje kabisa ya ua, akanawa mikono kwa sabuni mara mbili, maana oksijeni na mafuta haviketi pamoja. Kisha akafunga mpira kwenye mtungi, akazungusha koki taratibu. Upepo ukatoka kwa sauti ndogo. Akausogeza shingoni kwa mkewe, umbali wa kiganja kutoka pale palipovimba.

Agnès alifumba macho.

“Inafika,” alisema.

Donat alishika mpira vile vile bila kuutikisa, akitazama mshale wa geji ya mtungi unavyoshuka.