Macho ya Shangazi

Helikopta ile kubwa ya jeshi waliipa jina la Shangazi, maana ikija lazima mtaa mzima ujue, na haikujua kukataa mzigo. Mizinga, matangi ya maji, hata tingatinga zima, vyote vilining'inia kwenye ndoano chini ya tumbo lake. Sasa, rubani wa Shangazi mzigo wenyewe haoni. Anayeuona ni mtu mmoja tu, aliyelala kifudifudi sakafuni juu ya tundu, akimwelekeza rubani kwa redio: shuka, kushoto kidogo, shikilia. Mtu huyo walimwita Macho. Rubani alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake mdogo, na Macho mwenyewe ndiye aliyewakutanisha. Ukitaka kucheka, cheka.

Siku ya mkosi walikuwa wanapeleka kipande cha daraja la chuma kwa watu waliokatiwa njia na mafuriko. Upepo ukaingilia, mzigo ukaanza kuyumba. Macho alishaona mizigo ikiyumba vibaya kuliko ule. Akasema, "Shikilia. Punguza mwendo, utatulia." Akarudia, kwa sauti ileile anayoombea chumvi mezani. Shemeji mtu roho ikamruka, akabonyeza kitufe cha kuachia. Daraja likaenda na maji, watu wa ng'ambo wakilitazama.

Mbele ya wakubwa, rubani alisimama wima, kofia kwapani, akasema aliambiwa aachie. Wala hakupepesa jicho. Rubani msaidizi wakati ule alikuwa akiongea na kituo, hakusikia kitu, na dude kuukuu kama Shangazi halirekodi maongezi ya ndani. Macho alipopewa nafasi ya kujitetea, ulimi ulimganda. Miaka yote yule bwana ameruka kwa neno lake, leo neno hilohilo analigeuza mchana kweupe! Wakamfukuza jeshini, wakamtaka ahame nyumba ya kambi.

Alijipa moyo kwa jambo moja: dada yake. Huyo amemlea kwa mikono yake tangu wazazi wafariki, hata nywele alimsuka yeye. Akisikia ukweli, atamkalia mumewe kooni mpaka autapike.

Dada akaja jioni, akamkuta anahangaika na godoro. Akakaa juu ya sanduku. Macho akaanza kumweleza habari za upepo na mzigo, naye akamshika mkono.

"Najua, kaka. Aliniambia siku ileile. Ulisema ashikilie."

Macho akashusha pumzi. Akamwambia basi waondoke sasa hivi, wawahi wakubwa kabla hawajafunga ofisi.

Dada hakuinuka. "Yeye ana mimi na watoto," alisema taratibu. "Wewe uko peke yako, kaka. Hutakosa kazi."

Afadhali angemwita mwongo. Dada akafungua mkoba, akatoa kamba aliyokuja nayo kutoka nyumbani, akainama kumsaidia kufunga godoro.