Nyaya za Rangi Zote

Jina la Rangi Zote alilipata akiwa bado anavaa kaptula za shule, siku aliyochora mti wenye majani mekundu akaupeleka mbele ya darasa huku kifua mbele. Macho yake yalikuwa mazima kabisa. Bango la mbali alilisoma kabla ya wenzake. Ila nyekundu na kijani kwake zilikuwa kitu kimoja, rangi fulani ya matope, na haikupatikana dawa wala miwani ya kuzitenganisha. Alipokua akataka kusomea umeme, mwalimu wa chuo alimwekea nyaya mezani, akamwuliza huu ni upi na ule ni upi, kisha akamwonyesha mlango. Rangi Zote akaenda kuoka mikate. Akaoka, akaoa, akajenga tanuri lake nyuma ya nyumba, akanunua pikipiki iliyokwishatumika ya kupelekea mikate madukani.

Pikipiki ilizeeka mikononi mwake. Kwanza taa ya mbele ilianza kufifia kila akipiga honi. Kisha indiketa zikawa zinawaka zenyewe, kama mtu anayekonyeza bila sababu. Hatimaye, asubuhi moja, akikata kona penye makutano ya barabara na kreti la mikate mgongoni mwa pikipiki, injini ilizimika ghafla. Fyuzi ilikuwa imekatika. Akaweka nyingine, akaondoka, na kona iliyofuata ikakatika tena. Akaisukuma hadi gereji, jasho likimtiririka, mikate ikipoa, madereva nyuma yake wakimpigia honi na kumpa maneno yao.

Gereji ilikuwa ya shemeji yake, mdogo wa mkewe, fundi ambaye mdomo wake ulifanya kazi kuliko spana zake. Shemeji akafungua kiti, akachungulia, akapiga mluzi. Mwenye pikipiki wa zamani aliwahi kuzungushia fyuzi karatasi ya kung'aa ya ndani ya pakiti ya sigara ili isikatike tena. Kweli haikukatika, lakini nyaya ndizo zilizoungua badala yake. Magamba yake ya plastiki yalikuwa yameyeyuka yakashikana kama tambi zilizosahauliwa jikoni. Shemeji akasema nyaya zote zitoke, na kwamba pikipiki ya umri ule haina tena nyaya za kununua zikiwa zimeshafungwa tayari. Lazima mtu akae azitengeneze mmoja mmoja. Yeye hana muda huo. Auze chuma chakavu, atafute nyingine.

"Nitazitengeneza mwenyewe," Rangi Zote akasema.

Shemeji akageukia wateja waliokuwa wamekaa kwenye benchi. "Mmemsikia? Huyu nyanya mbivu na mbichi hazijui, anataka kufunga nyaya." Benchi zima likaangua kicheko. Kisha akamgeukia mwenyewe, sasa bila kucheka. "Shemeji, utanichomea dada yangu ndani ya nyumba."

Rangi Zote alishika usukani akaondoka akisukuma. Kicheko alikizoea tangu utoto, kisingemla nyama. Lililomchoma ni lile la mwisho, kwa sababu lilisemwa kwa nia njema, na kwa sababu yule mwalimu wa chuo naye alikuwa amemwambia hivyohivyo alipomwonyesha mlango.

Kesho yake alipomaliza kuoka alikodi mkokoteni, akawapelekea wenye maduka mikate yao kwa kuchelewa, akavumilia lawama, kisha akaingia duka la vifaa vya umeme. Muuzaji akamtolea waya wa kwanza uliomjia mkononi. Rangi Zote akaumenya ncha kwa meno. Ndani kulikuwa na uzi mmoja mgumu, ule wa kupitishwa ukutani. Akaurudisha. Waya wa namna hiyo haupendi kutikiswa. Kwenye pikipiki utavunjika ndani ya gamba lake na hutajua umevunjikia wapi. Akaletewa mwingine, wenye nyuzi nyingi laini, ila ulikuwa mwepesi mno kiganjani. Akaukwaruza kwa ncha ya kisu. Chini ya shaba kukatokea weupe. Ilikuwa alumini iliyopakwa shaba juu. Akaurudisha huo pia, na muuzaji akaanza kupumua kwa hasira.

Wa tatu ulikuwa shaba tupu, mzito, unaokunjika kama kamba ya kiatu. Akachukua mnene kwa ajili ya betri, swichi kuu na taa ya mbele, na mwembamba kwa indiketa na vitaa vidogo. Alipoulizwa rangi, akasema nyeupe, nyeusi, njano na bluu.

"Na nyekundu?"

"Sitaki nyekundu."

"Nyekundu ndiyo ya moto, ya kuleta umeme, mzee. Duniani kote."

"Kwenye pikipiki yangu, ya moto ni nyeupe. Nikatie."

Mkewe alipoona mzigo ule mezani alimaliza kwanza kukung'uta unga mikononi. Ndipo akasema kwamba kama ni rangi tu, yeye atakaa hapo amtajie, kuna ubaya gani. Alisema kwa upole, na upole wake ukafanya iwe vigumu zaidi kukataa. Rangi Zote akamwambia, "Taa ikizimika njiani, nitakuita uje unitajie? Nataka kitu ninachoweza kukisoma mwenyewe."

Mke akaingia ndani. Hakuwa amekasirika, alikuwa anaogopa. Rangi Zote alilijua hilo, na halikumfanya arudi nyuma.

Akaifungua pikipiki chini ya kibanda cha tanuri. Nyaya za zamani alizitoa zikiwa zimefungana vilevile, akazilaza sakafuni juu ya kartoni ili aone kila mmoja ulitoka wapi ukaenda wapi, kisha akakata mpya kwa kipimo chake. Kwa kuwa rangi nne hazikutosha, kila waya aliupa pete za tepu kwenye ncha zake: pete moja taa ya mbele, mbili honi, tatu breki, na kuendelea, hata gizani angezihesabu kwa kidole. Maungio akayalehemu kwa risasi ya kuyeyusha badala ya kuyasokota tu. Pale waya wa ethi, ule wa kurudishia umeme, unapofungwa kwenye fremu alikuta rangi na kutu, akapiga msasa hadi chuma kikang'aa. Na kwenye nyaya za zamani, pale zilipopita shingoni mwa usukani, akaona gamba lililosagika mpaka shaba ikawa nje. Basi ndiyo maana pikipiki ilizimikia konani: kila usukani ulipogeuka, waya ule uligusa fremu ukapiga shoti. Akazipitisha nyaya mpya mbali na pale, akaziachia ulegevu wa kutosha, akazivisha mpira.

Siku aliyofunga betri, injini iliitika kwa teke la kwanza. Taa ikawaka. Honi ikalia mpaka kuku wa jirani wakatawanyika. Rangi Zote akacheka peke yake. Akapanda, akaenda hadi mwisho wa uchochoro, akakanyaga breki, na kila kitu kikafa.

Akaweka fyuzi nyingine. Akakanyaga breki. Ikakatika.

Alipokuwa anairudisha nyumbani kwa kusukuma, akamkuta shemeji ameshafika, amesimama kibandani mikono kiunoni. Mkewe aliinamisha macho, na hapo akajua nani alimwita. Shemeji akainama, akaona nyaya nyeupe na nyeusi na pete zake, akatikisa kichwa. Hakuwa na haja ya kupima, alisema. Rangi Zote amechanganya tu, ndiyo mambo ya kufunga bila rangi. Akamwambia dada yake alete kisu, zitoke zote leoleo.

"Usiguse," Rangi Zote akasema.

"Shemeji, usiwe mbishi."

"Mbishi nimeshakuwa. Usiguse."

Akachukua balbu ya indiketa yenye nyaya mbili, akaiunganisha pale fyuzi inapokaa. Akachomoa kila kitu isipokuwa taa ya breki. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: kama umeme unapita njia yake halali, balbu itawaka kwa unyonge, maana itagawana na taa ya nyuma. Kama kuna shoti, itawaka kwa nguvu zote. Mwanga mkali na mwanga hafifu aliweza kuvitofautisha kuliko mtu yeyote. Ila alihitaji mtu wa kukanyaga breki wakati yeye anafuata waya kwa vidole.

Shemeji akapiga hatua mbele. Mkewe akamzuia kwa kiwiko. "Kaa pembeni. Nitakanyaga mimi." Akakusanya kanga yake, akapanda kwenye kiti.

Akakanyaga. Balbu ikawaka kali. Rangi Zote akaanza mbele, akitikisa waya taratibu, chini ya tangi, chini ya kiti, na balbu ikaendelea kung'aa bila kutikisika. Akafika kwenye madigadi ya nyuma, ambako waya unapita ndani ya kijibomba cha chuma. Kipande hicho kilikuwa cha zamani. Alikiacha kwa sababu kilionekana kizima, na kwa sababu, tuseme ukweli, alikuwa amechoka. Akakivuta. Balbu ikanywea. Akakiachia, ikawaka kali. Mkewe akaona pia, akaguna kwa furaha, mguu bado kwenye breki.

Akakitoa kijibomba kizima. Ndani yake ukingo wa chuma ulikuwa umelila gamba. Akaweka waya mpya, pete tatu, akaulehemu, akarudisha fyuzi. Mkewe akakanyaga mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Fyuzi ikatulia.

Shemeji hakuomba radhi, na hakuna aliyemdai. Alipapasa maungio, akakiri risasi imekaa vizuri, kisha akarudi kulekule: siku ikiharibika, fundi gani ataelewa nyaya hizi? Bora abadili angalau zile kubwa, aweke nyekundu, mambo yawe kama ya watu.

"Fundi wake ni mimi," Rangi Zote akasema. "Wewe ukitaka kujifunza pete zangu, njoo."

Mkewe hakushuka kwenye kiti. Alisogea nyuma tu, akamwachia nafasi. Rangi Zote akapanda, akapiga teke, akaiwasha taa ya mbele ingawa jua lilikuwa utosini. Wakaingia barabara kuu. Wapita njia wakaanza kuwaashiria kwa vidole, wakifumba na kufumbua viganja: taa, mzee, taa inawaka mchana. Dereva mmoja akashusha kioo kabisa kumwambia.

"Naiona," Rangi Zote akamjibu, akaongeza mwendo.