Upande wa Kayaba Iliyokauka

Wapimaji walifika Lanet Jumanne, miezi kumi na minne tangu Milcah aandike barua ya kwanza. Nakala za barua zote alikuwa nazo, zimefungwa uzi ndani ya mfuko wa unga. Zamani angewapokea kwa maneno makali. Siku hiyo aliketi nje kando ya jiko lake la makaa, akaendelea kukata sukuma wiki.

Aliyewaongoza alikuwa binti aitwaye Wangechi, mashine ndogo ikining'inia shingoni. Alimweleza kwa heshima kwamba petroli ikivuja chini, mvuke wake hupanda kupitia udongo. Wao hutoboa shimo jembamba, hushindilia bomba, huziba mdomo kwa udongo wa mfinyanzi ili hewa ya juu isiingie, kisha mashine huvuta pumzi ya ardhi na kuisoma. Mashimo ni kumi na mawili. Yote yakisoma sufuri, kituo cha mafuta cha jirani kinapewa cheti Ijumaa na malalamiko ya Milcah yanafungwa.

Ramani ya mashimo ilikuwa imechorwa na kituo chenyewe. Meneja wake, Muturi, aliwafuata nyuma, mikono mfukoni, kama mtu anayetembeza wageni shambani kwake. Kufikia saa saba mashimo kumi na moja yalikuwa yametobolewa, yote upande wa barabara. Sufuri tupu.

Wangechi akaja na fomu. "Mathe, harufu ya petroli unaisikia?"

"Siku hizi sisikii kitu."

"Si umemsikia mwenyewe?" Muturi akacheka. "Andika hivyo hivyo, madam."

Kalamu ikaandika. Milcah aliitazama wala moyo haukushtuka. Ukweli ni ukweli. Ladha ya chai ilipotea kwanza, harufu ikafuata.

Binti akauliza anapikia wapi. Hapa nje. Tangu lini? Ikabidi Milcah ahesabu. Tangu Pasaka ya mwaka juzi, moto ulipokimbia sakafuni jikoni kama panya, rangi ya buluu, ukitokea kwenye ufa. Alisimulia hayo kama mtu anayetaja bei ya nyanya.

Kalamu ikasimama.

Milcah akainuka, kisu bado mkononi, akaenda hadi kwenye ua wa kayaba unaotenga ploti yake na kituo. Ua wote ulikuwa kijani, isipokuwa hatua nne zilizokauka nyuma ya jikoni.

"Tangi la zamani liko hapa. Mume wangu Makokha ndiye aliyelichimbia shimo mwaka wa tisini na nne. Walipoleta matangi mapya, hili hawakulitoa. Waliliacha na mafuta ndani, wakapanda kayaba juu yake."

Muturi akasema kwenye ramani hakuna tangi hapo. "Na huyo mzee wako, mathe, alikuwa anachimba ama alikuwa anakunywa?"

"Vyote viwili. Lakini shimo alilimaliza. Ramani yako haijawahi kushika sururu."

Wangechi alitazama ramani, akatazama kayaba. Shimo la kumi na mbili lilikuwa bado. Akawaambia vijana wake walihamishie hapo. Muturi alikuwa ameshaanza kupiga simu.

Walitoboa, wakaziba, wakangoja. Mashine ikaanza kulia, na haikunyamaza. Wangechi akarudi nyuma, akavuta kola hadi puani. Vijana wake nao wakajitenga. Hata Muturi alifunika pua kwa leso, simu ingali sikioni.

Milcah peke yake ndiye aliyebaki ameinama juu ya shimo. Alivuta pumzi. Akavuta tena. Hakuna.

"Mathe, zima hilo jiko," Wangechi akasema. "Sasa hivi."

Akayamwagia makaa maji. Sukuma ilikuwa bado mbichi kwenye sinia. Wangechi alimwuliza, kwa sauti ya chini, kama angependa lile jibu la harufu lifutwe.

"Usilifute," Milcah akasema. "Ongeza tu ni tangu lini sisikii."