Mkono Shavuni

Tangu mimba iingie, Yamna alikuwa vitani na pua yake. Tumbo halikumsumbua, wala mgongo. Pua tu. Kazi yake ilikuwa kukata vichwa vya sadini na kuwatoa matumbo katika kiwanda cha samaki pale Asfi, mji wa pwani, amesimama kwa muda wa saa nane juu ya sakafu iliyolowa, na harufu ile ambayo kwa miaka sita hakuihisi hata kidogo, sasa ilimchefua tangu getini.

Hila zote alizijaribu. Alificha ganda la limau ndani ya kitambaa alichofunga puani. Alitafuna mkate mkavu kabla hajainua kichwa kitandani. Mambo yakimshinda, aliinama kwenye ndoo ya vichwa vya samaki kana kwamba kisu kimemponyoka, akatapika humo humo, na jirani yake mezani, Mahjuba, akakohoa kwa nguvu ili sauti isisikike.

"Shoga, kifua changu kimekwisha kwa ajili yako," Mahjuba alimnong'oneza. "Huyo mtoto akikua, aje anichemshie dawa."

"Wewe kohoa tu. Yule anatazama."

Yule alikuwa Bi Hadda, msimamizi wao, mama mwenye mwili mpana na viatu vyeupe vya mpira, aliyepita kati ya meza mikono ikiwa mgongoni. Kila asubuhi boti zikishashusha samaki, wanawake walijipanga getini, naye ndiye aliyeita majina. Usipoitwa, geuza urudi kwako. Mwaka uliopita Itto wa meza ya tatu tumbo lilianza kumtokeza, na wiki hiyo hiyo jina lake likakoma kuitwa. Hakuna aliyeuliza. Kila mtu alijijibu mwenyewe. Basi Yamna naye akafunga mdomo, maana mumewe alivunjika mguu kwenye machimbo ya mawe, na nyumba nzima ilikula kwa kisu chake yeye.

Siku moja ya Juni samaki waliingia wengi mno. Mpaka inafika saa ya chakula, Yamna alikuwa amekwisha kutapika mara tatu. Wanawake walitoka uani, wakakaa juu ya kreti zilizopinduliwa, kila mmoja na mkate wake: zeituni, mayai, viazi. Samaki hakuleta mtu. Nani atake kutafuna kazi yake? Bi Hadda peke yake ndiye aliyekuwa na jiko lake dogo la mkaa pembeni ya ukuta, na siku hiyo alibanika sadini wawili wawili waliolaliana, katikati amewajaza giligilani, kitunguu saumu na bizari.

Moshi ukaja upande wa Yamna. Alijiandaa kukimbia.

Badala yake mate yalimjaa kinywani. Alishangaa mwenyewe. Samaki wale wale! Aliwakodolea macho wakigeuzwa, mafuta yakidondokea makaa, na bila kujijua akapeleka mkono shavuni, akaanza kujikuna taratibu.

"Toa mkono usoni!"

Bi Hadda alikuwa amesimama, koleo mkononi.

"Toa, nakwambia! Unataka mtoto atoke na samaki shavuni?"

Hilo kila mwanamke wa Asfi amelinyonya pamoja na maziwa ya mama yake: mjamzito akitamani kitu asikipate, pale anapojigusa ndipo mtoto anapopata alama ya kitu hicho. Yamna aliuangusha mkono mapajani. Akajua siri imekwisha, na kazi nayo imekwisha.

Mahjuba alijaribu kuokoa. "Bi Hadda, ni jino. Jino linamuuma."

"Jino! Mwezi mzima anatapika jino? Na wewe unakohoa kama mbuzi mzee, mkadhani mimi kiziwi?" Alifungua mkate, akapanga samaki ndani, akaja kumtia Yamna mkononi. "Kula. Sitaki watu waje kumtazama mtoto wa watu, waseme Hadda alimnyima."

Yamna alikula. Machozi yalimtoka na hakuacha kutafuna. Alipomaliza, alisema kwa sauti ndogo, "Mama, kesho nisije?"

"Usije uende wapi?"

"Itto hukumwita tena."

Bi Hadda alivuta kreti, akaketi, akapumua kwa pua. "Itto alificha kama wewe. Akabeba kreti mpaka akaanza kutoka damu chooni, akaniita mimi. Daktari akamlaza kitandani miezi minne. Akaniomba nisimwambie mtu, sikumwambia mtu. Ana binti, na kwenye karamu ya siku ya saba, ya kumpa mtoto jina, mimi ndiye niliyempikia. Kumbe ninyi huku mmenifanya zimwi!"

Kisha akamgeukia Yamna.

"Mwezi wa ngapi?"

"Wa tatu unaisha."

"Basi kuanzia leo uko meza ya mlangoni, unapanga samaki kwenye makopo, na upepo unakupiga. Kreti usiguse. Ukijisikia vibaya, toka. Usiombe ruhusa, toka. Na kesho jina nitaliita, usinichelewee."

"Na mimi nina hamu, Bi Hadda," Mahjuba alidakia, ameshika shavu kwa mikono yote miwili. "Hamu ya kukaa."

"Wewe una umri wa mama yangu. Rudi kazini!"

Walicheka mpaka wakashika mbavu, na Yamna akacheka kuliko wote, kicheko cha mtu aliyetuliwa gunia kichwani.

Alasiri, toroli la samaki wabichi lilipita karibu na mlango, na kichefuchefu kikampanda tena. Safari hii hakutafuta ndoo. Aliweka kopo chini, akatoka kwa mwendo wa kawaida, mbele ya macho ya watu wote, akashika ukuta wa uani na kutapika kwa nafasi yake, bila haraka, bila mtu wa kumkoholea.

Mahjuba alichungulia mlangoni. "Bi Hadda! Samaki wako wametoka!"

"Mradi waliingia," Bi Hadda alijibu bila kugeuka. "Mpe maji."