Tone la Chini ya Bomba

Mwalimu Gatwiri alikuwa ametoka Meru kuja kufundisha biolojia Balambala, na kila muhula aliwachotea wanafunzi wake maji ya mto Tana wayatazame kwa hadubini. Walizoea kucheka wakiona vijidudu vikikimbizana ndani ya tone moja. Muhula huu, tone lililochotwa mtoni, chini ya bomba linalomwaga uchafu wa kiwanda cha ngozi, lilikuwa kimya. Alibadilisha kioo, akachota tena. Hakuna kilichocheza. Maji ya upande wa juu wa mto, kabla ya bomba, yalijaa uhai kama kawaida.

Mwalimu mkuu alimwambia aachane na mambo ya watu. Jumamosi Gatwiri akabeba hadubini hadi soko la mbuzi, akaiweka juu ya meza ya muuza chai.

Rukiyo, mfugaji ambaye mbuzi wake walikuwa wakitupa mimba tangu kiwanda kifunguliwe, aliinama wa kwanza.

"Hii ya juu iko na watu wake," alisema. "Hii ya chini ni kaburi, walahi."

Dancan, meneja wa kiwanda, alifika akitokwa jasho. Akacheka ili wote wasikie.

"Si mnalilia maji yasiyo na viini vya magonjwa? Dawa zetu zimeviua. Mngetushukuru!"

Watu wakaguna, wengine walianza kuitikia kwa vichwa. Gatwiri hakurudi nyuma.

"Vijidudu hivi ndivyo vinavyokula uchafu wa mto," alisema. "Vifaranga wa samaki huanza maisha kwa kuvila. Dawa inayoviua haichagui, bwana meneja."

"Una ushahidi gani kuhusu mbuzi?"

"Wa mbuzi sina bado. Wa bomba lako huu hapa. Inama utazame."

Dancan hakuinama.

Rukiyo hakungoja zaidi. Aliwaita wanawake wenye mashamba kando ya mto, wakajaza mchanga magunia, wakalikaba bomba. Uchafu ukarudi nyuma, ukafurika uani mwa kiwanda, mitambo ikazimwa. Chifu alipokuja na askari kuuliza nani kaanzisha, Gatwiri alikuwa ameketi juu ya magunia.

"Mimi," alisema.

"Na mimi," akasema Rukiyo, akaketi ubavuni mwake. Wengine nao wakaketi.

Hakuna aliyekamatwa. Kiwanda kilibaki kimefungwa hadi wenyewe walipochimba mabwawa ya kusafishia majitaka yao. Gatwiri, yeye, alihamishiwa shule ya mbali, Griftu. Akaenda kichwa juu, na swali lake la kwanza kwa walimu wa huko likawa: "Hapa watu wanakunywa maji ya wapi?"