Uzito wa Mia

Tundu la tatu kwenye karatasi ya shabaha lilikuwa kama la pili: refu, lililochanika, kana kwamba risasi ilipita ubavuubavu kama mlevi anayetafuta mlango. La nne halikuonekana kabisa. Orrin Tuttle aliinua uso kutoka kwenye bunduki ya marehemu baba yake, akaitukana shaba na aliyeichimba.

Alikuwa ameomba kibali cha kuwinda kulungu katika kaunti ya Modoc miaka kumi na mmoja, bahati nasibu ikimpa mgongo kila mwaka. Safari hii jina lake lilitoka, na msimu ulikuwa unafunguliwa keshokutwa. Ila California hairuhusu tena madini ya risasi porini, maana ndege walao mizoga hula mabaki wakafa kwa sumu. Kichwa cha risasi sharti kiwe shaba tupu.

Orrin hujaza risasi zake mwenyewe gerejini, na tangu ujana kichwa cha risasi anachotumia ni cha uzito wa mia, kwa kipimo cha greni. Muuzaji alipomuuliza bunduki ni ya mwaka gani, alijibu kwamba hakuja kusimulia ukoo, akachukua vya shaba, uzito wa mia uleule. Wiki tatu sasa. Amebadilisha baruti mara tatu, amesugua mtutu ukang'aa, amelaumu darubini na kununua nyingine.

Nadine, mdogo wa mkewe, alikuwa benchi la pili akitafuna mbegu za alizeti, akiuliza kwa upole kama shemeji anawinda kulungu au anatisha mawingu. Mwishowe akaenda kuing'oa karatasi, akamwekea mbele yake.

"Shemeji, vichwa hivi vinapinduka hewani. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, ukitaka uzito uleule kichwa kinarefuka. Mifereji ya mtutu wa mzee inazungusha risasi polepole, haiwezi kukinyoosha."

"Mzee aliangusha kulungu kwa mia."

"Mzee aliangusha na lori mtoni. Tumia themanini."

Themanini, kwa Orrin, ilikuwa ya kuulia sungura. Alisema hivyo, na mengine yasiyoandikika. Nadine alimweleza kwamba shaba haimeguki ndani ya mnyama, kwa hiyo hata nyepesi inapenya. Orrin akamwambia akagombee ubunge. Ndipo Nadine akatoa mfukoni risasi tano za themanini. Alikuwa amezijaza kwa maganda ya risasi aliyoyaokota wiki iliyopita chini ya miguu ya shemeji yake, yeye akiwa anagombana na upepo.

Orrin alipiga tatu ili amkomeshe.

Matundu matatu ya duara yalikaa pamoja, kizibo cha bia kingeyafunika. Aliyakodolea macho muda mrefu akitafuta kasoro. Gerejini kulikuwa na risasi arobaini za mia, zote sasa za kuvunjwa na kujazwa upya.

"Ungeniambia mapema."

"Nilikwambia. Ukaniambia ninyamaze, unasikiliza mtutu." Akatema ganda la alizeti. "Ninavyo vichwa hamsini nyumbani. Omba."

Akaomba, macho chini, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino.

"Sijasikia, shemeji."

Orrin akaomba tena.