Flashi Siku ya Shash

Mirriam alikuwa na hakika kwamba hakuna atakayejua. Kamera ya dijitali aliyoazimwa na kaka yake wa Nairobi haikuwa na kelele, ilifichika vizuri chini ya mtandio, na picha moja tu ingetosha. Alichosahau mwalimu wa watu, pamoja na hesabu zote anazofundisha pale shule ya Iftin, ni kwamba flashi ya kamera ile hujiwasha yenyewe ikiona giza.

Na chumba kilikuwa giza. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi ili mwanamume asichungulie, maana ilikuwa siku ya shash, siku ambayo wanawake wa pande mbili humfunga bibi harusi vitambaa vya kichwani, wakiimba, nywele zao wenyewe zikiwa wazi.

Mwanga ukapasuka. Wimbo ukakatika katikati.

"Nani amebiga bicha?"

Aliyeuliza, kwa lafudhi yake ya Kisomali, alikuwa Qali, mama wa bwana harusi, mwanamke ambaye hata ndugu zake walimwogopa. Wengine walikuwa wakinyakua nguo kujifunika.

"Ni mimi, mama Qali. Nisamehe."

"Toa filamu."

Hapo ndipo mambo yalipozidi kuharibika. Dawa ya picha ya wizi kila mtu Garissa aliijua: unafungua mgongo wa kamera, unaivuta filamu juani, kwisha. Shamis, mdogo wake Qali, alikwisha kuinua pazia la mlango.

"Haina filamu," alisema Mirriam.

Wanawake wakacheka, na kicheko chenyewe hakikuwa na furaha. "Kamera bila filamu?" Qali akasema. "Mwalimu, sisi nakufungulia wewe mlango, na wewe nafanya sisi watoto?"

Angeweza kujitetea. Bishara, bibi harusi mwenyewe, ndiye aliyemwomba. Mama yake Bishara, Ardo, alikuwa amelazwa hospitali, na daktari alikwisha kuwaita jamaa pembeni. Asubuhi ile Ardo alimkabidhi Mirriam shash yake ya manjano amfikishie bintiye. Alitaka kuiona kichwani mwa mwanawe, hakutaka kingine. Filamu ingepelekwa kusafishwa irudi baada ya wiki, na Ardo hakuwa na wiki. Kamera hii ilionyesha picha hapo hapo, kwenye kioo chake. Lakini kusema hivyo kulikuwa kumchongea Bishara kwa mama mkwe, tena siku yake kubwa.

Mirriam akawaonyesha kioo. Flashi ilikuwa imemchoma Bishara uso mzima, mweupe kama aliyemwagiwa unga, macho mawili mekundu. Nyuma yake giza tupu. Hakuna mwanamke mwingine aliyeonekana hata pua.

"Huyu ni jini?" akanong'ona Shamis.

"Futa," alisema Qali.

Mirriam akafuta. Alama ya betri, iliyokwisha kuliwa na flashi, ikashuka tena.

"Na mimi tajua aje hujaficha ndani?" Qali akaipokonya kamera, akaiinua juu ya sakafu ya saruji.

"Usiivunje!" Bishara alikuwa amesimama. Alisema kwa Kisomali, na Mirriam, baada ya miaka yake mitatu Garissa, alielewa kila neno. "Mimi ndiye niliyemtuma. Ni picha ya mama. Anataka kuona shash yake tu."

Mkono wa Qali ulikuwa bado juu, kisha ukashuka polepole.

"Mbona hukuniambia mimi?"

Jibu, kwamba walimwogopa, lilikuwa wazi usoni mwa kila mmoja, na Qali aliliona. Lilimuuma.

Akageuka. "Kila mtu ajifunike. Shamis, ondoa blanketi dirishani." Halafu kwa Kiswahili: "Mwalimu, hiyo radi yako, zima."

Mirriam akabonyeza mpaka alama ya flashi ikapigwa mstari. Betri ilimemeta nyekundu. Ilibaki picha moja na mwanga kidogo wa kuionyesha, basi.

Jua likaingia. Qali akaketi kando ya Bishara, akaishika shash ya manjano, akaanza kuifunga upya.

"Sasa biga."

Njia nzima hadi hospitali Mirriam hakuthubutu kuiwasha kamera ajaribu. Alimkuta Ardo ameegemezwa mto, akamsogezea kamera usoni, akabonyeza. Kioo kikasitasita, kisha kikaja.

Ardo alitazama bila kupepesa.

"Nani nafunga yeye?"

"Qali."

"Ile kali?"

"Yule yule."

Ardo akagusa kioo kwa kidole, pale mikono ya Qali ilipokuwa juu ya kichwa cha mwanawe. Kioo kikazima. Mirriam akabonyeza, akabonyeza tena, machozi yakimlenga.

"Wacha, mwalimu," alisema Ardo. Kidole chake kilikuwa pale pale. "Nimeona."